Chombo hiki kisicho na bawa ni ndege nyepesi au la? Barua ya wazi kutoka Kisauni

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya
Kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi
Nakala kwa Gavana wa Kaunti ya Mombasa

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zangu kutoka Kisauni. Mimi ni fundi wa injini za mashua, kazi niliyoishika zaidi ya miaka ishirini. Siku hizi vijana wa gereji yangu wanatengeneza pia pikipiki za umeme, kwa hiyo betri na mota nazo tumezizoea. Nawaandikia kuhusu kazi niliyoletewa ambayo mpaka leo sijaikubali wala sijaikataa.

Mteja wangu wa siku nyingi, mtu mwenye hoteli ufukweni, alikuja gereji akanionyesha kwenye simu chombo anachotaka kukiagiza. Kina kiti kimoja, fremu ya aluminiamu, mikono minne, na panga nane zinazozungushwa kwa umeme. Bawa hakina hata moja. Mtu anakaa, anafunga mkanda, anashika kijiti, na chombo kinapaa wima pale pale kilipo. Anataka kije vipande vipande, nikiunganishe, kisha niwe nakihudumia. Ameshatoa arbuni. Nilipomuuliza kuhusu leseni ya urubani na karatasi za ndege alicheka. "Fundi, hii haitaki leseni," akaniambia. "Ni ndege nyepesi. Marekani watu wanaruka nayo na hawaulizwi na mtu."

Kwa Marekani amesema kweli. Nami nimekaa usiku kadhaa na sheria hiyo ya Wamarekani, Sehemu ya 103 ya kanuni zao za anga, binti yangu anayesomea uhandisi akinisaidia palipo pagumu. Nataka niwaambie nilichokiona humo kwa jicho la fundi, halafu niwaombe jibu la maandishi, kwa sababu najua mteja wangu si wa mwisho. Vyombo vya namna hii vimeshaanza kuuzwa duniani. Jetson One inatengenezwa na kampuni iliyoanzia Uswidi. Helix ya Marekani, ingawa hiyo ina mbawa, ilizaliwa kutokana na BlackFly iliyoonyeshwa hadharani mwaka 2018, na ilianza kuuzwa 2024 kwa bei iliyoanzia dola 190,000. Mwenye fedha ya kununua boti ya kifahari ana fedha ya kununua hiki.

Sheria ya Wamarekani ni ya mwaka 1982. Inataka chombo kiwe cha mtu mmoja, cha burudani au michezo tu, na uzito wake mtupu usifike ratili 254, yaani kilo 115. Tangi la mafuta lisizidi galoni 5 za kwao, takriban lita 19. Mwendo wa juu usizidi kilomita 102 kwa saa. Na kuna sharti jingine ambalo watu hulipita haraka wanaposoma: ule mwendo mdogo kabisa ambao bawa bado linaibeba ndege, chini ya hapo linaachia na ndege inaporomoka. Huo, injini ikiwa imezimwa, usizidi kilomita 44 kwa saa. Chombo kikitimiza hayo hakiandikishwi, hakipewi cheti cha kufaa kuruka, na anayekirusha haulizwi umri, elimu wala uzoefu.

Kwa nini serikali kubwa kama ile iliachia hivyo? Kwa sababu ya watu iliokuwa ikiwaandikia. Miaka ya sabini walikuwepo watu waliokuwa wakijirusha kutoka vilimani kwa mbawa za kitambaa, kisha wakaanza kuzifunga vijiinjini. Ndege zao zilikuwa nyepesi na mbawa zake pana. Injini ikizima, hewa inaendelea kulibeba bawa, na rubani anateleza mpaka chini, anatua kwenye majani kwa mwendo wa pikipiki inayokwenda polepole. Namba zote za sheria ile zimesimama juu ya jambo hilo moja: nguvu ikiisha, mtu bado ana njia ya kushuka. Ndiyo maana serikali ilikubali kutokagua.

Sasa tuondoe bawa.

Wanaotetea vyombo hivi wana hoja nyepesi: chombo kinaweza kusimama angani bila kwenda popote, mwendo wake mdogo kabisa ni sifuri, sifuri iko chini ya 44, basi kimepita. Nimeisikia hoja hiyo kwa mteja wangu na nimeisikia kwa kijana wangu mwenyewe wa gereji. Lakini kifungu kinasema injini ikiwa imezimwa. Zima mota za chombo kisicho na bawa na hakuna mwendo wowote, mdogo wala mkubwa, utakaokibeba. Kinaanguka kama dafu.

Hesabu yake mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza. Kitu kikianguka kutoka mita 8, urefu wa nyumba ya ghorofa moja na paa lake, kinafika chini kwa mwendo wa kama kilomita 45 kwa saa. Yaani mita 8 tu zinatosha kukifikia kile kikomo cha Wamarekani, na tofauti ni kwamba ndege yenye bawa inafika na mwendo huo ikiteleza kwenda mbele, na hiki kinafika kikielekea chini moja kwa moja. Kutoka mita 20, kimo cha mnazi mzima, ni kama kilomita 71 kwa saa. Kutoka mita 30 ni 87. Sisi wa Pwani tumewazika wagema walioanguka minazini. Hatuhitaji kufundishwa maana ya mita 20.

Hata helikopta ina njia yake. Injini ikizima, rubani aliyefunzwa hulegeza mkao wa panga zake ndefu, upepo wa kushukia ukaendelea kuzizungusha, na karibu na ardhi akazitumia kupunguza kishindo. Vipanga vifupi vya mkao mmoja, vinavyotegemea mota kuongeza na kupunguza mzunguko, haviwezi hilo.

Watengenezaji wana majibu mawili na sitayadharau, kwa kuwa ni majibu ya watu wanaojua kazi. Kwanza, panga ni nane: moja ikifa, zilizobaki zinabeba. Pili, kuna parachuti inayofyatuliwa kwa baruti na kufunguka upesi. Kweli. Lakini mota nane zinalishwa umeme na kuongozwa na kompyuta, na hitilafu ya umeme au ya programu haichagui mota moja. Na parachuti, hata ya baruti, inahitaji kimo na muda kidogo ili ijae hewa. Kuna sehemu katikati, juu ya kimo ambacho mtu anaanguka akanusurika na chini ya kimo ambacho parachuti inamsaidia. Kimo hicho ndicho mteja wangu anachotaka kurukia: juu kidogo ya minazi, mbele ya hoteli, wageni wakipiga picha.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipo, waheshimiwa. Chombo hiki kinaweza kuzitimiza namba zote za ndege nyepesi na bado kisiwe na kile kilichozifanya namba hizo ziwe salama. Kenya ikizichukua namba hizo kama zilivyo, au afisa akimwachia mtu kwa kuwa ameonyesha karatasi iliyoandikwa kilo 115, tutakuwa tumechukua ngozi ya sheria tukaiacha nyama.

Nigusie namba nyingine mbili, maana hizo nazo nina uzoefu nazo.

Mwendo wa Jetson One unazuiliwa kwenye programu usipite kilomita 102 kwa saa. Hiyo ndiyo namba ile ile ya sheria, hata moja haijapungua. Mota zenyewe hazikuamua hivyo. Sheria ndiyo iliyoamua, kompyuta ikatii. Mwenye kufuata sheria hafanyi kosa kufanya hivyo. Lakini sisi tunakumbuka Sheria za Michuki za mwaka 2003 na vidhibiti mwendo vya matatu, kilomita 80 kwa saa. Tunakumbuka pia jinsi vilivyofunguliwa kwa waya mmoja nyuma ya gereji, vikafungwa tena asubuhi ya ukaguzi. Mimi sijawahi kumfanyia mtu kazi hiyo, lakini walionitaka niifanye ni wengi. Kikomo kinachoishi ndani ya programu kinahitaji lakiri, na mtu wa kuikagua lakiri.

Kisha uzito. Sheria ya 1982 inazungumzia tangi la mafuta. Lita 19 za petroli ni kama kilo 14, hazihesabiwi kwenye uzito mtupu, na zinapungua kadiri unavyoruka. Betri je? Mtu mjanja atasema betri ndiyo mafuta ya chombo cha umeme, tuitoe kwenye mizani. Mimi nasema hasha. Betri inapanda na uzito wake na inashuka na uzito ule ule, imejaa au imekwisha. Atakayeangukiwa ataangukiwa na betri pia.

Halafu sheria ile haihesabu maboya ya kutulia majini wala vifaa vya kujiokolea kama parachuti. Ndiyo sababu Helix, yenye kilo 158 pamoja na vifaa vyake vya usalama, inaingia kwenye sheria ya kilo 115. Huko kwao wamekubaliana hivyo. Lakini fikirieni Mombasa, mahali ambapo kila chombo kitadai maboya kwa sababu bahari iko hatua mbili. Lori likifika mizani ya Mariakani linapimwa lilivyo, na mzigo wake na turubali lake. Hakuna dereva anayeambiwa atoe gurudumu la akiba kwenye hesabu. Kipimeni chombo hiki vivyo hivyo, kikiwa na kila kitu kitakachokuwa angani, kisha wekeni namba yenu inayofaa kwa uzito huo, hata ikiwa kubwa kuliko 115. Namba kubwa ya kweli inanitosha kuliko ndogo yenye matundu.

Kuhusu betri hizo za lithiamu nina jambo lililonitokea. Msimu mmoja wa mvua za masika tuliletewa pikipiki ya umeme iliyokuwa imezama kwenye maji ya chumvi kwa usiku mzima. Tukaifungua, tukaikausha, ikawaka, mwenyewe akafurahi. Siku ya tatu, ikiwa imeegeshwa na haijachomekwa popote, betri ikaanza kufuka moshi mweupe. Tuliisukuma nje kwa miti. Iliungua kwa muda mrefu, tukizima inawaka tena, na bati la kibanda cha jirani likakunjamana kwa joto. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu. Tangu siku ile betri iliyoonja maji ya bahari haiingii ndani ya gereji yangu. Hapa petu hewa yenyewe ina chumvi. Aluminiamu inafanya unga mweupe, viunganishi vya nyaya vinaoza ndani ya plastiki zake na kwa nje havionyeshi dalili. Mtengenezaji aliyejaribu chombo chake kwenye jangwa au kwenye barafu hajajaribu kwa niaba yetu. Kanuni yenu iseme ukaguzi wa viunganishi hivyo ni kila baada ya muda gani kwa chombo kinacholala ukanda wa bahari.

Sasa nije kwenye karatasi, maana nadhani hapa ndipo wengi watakapochanganyikiwa.

Nimekwenda kuuliza katika ofisi mbili. Sitazitaja, na waliokuwepo walinipokea kwa heshima. Ya kwanza ikanielekeza ya pili. Ya pili ikaniambia hiyo ni droni, nifuate kanuni za droni. Waheshimiwa, kanuni za mwaka 2020 zinahusu vyombo visivyo na rubani ndani yake. Hiki kina mtu amekaa, amefunga mkanda, ana mke na watoto. Kufanana kwa panga hakukifanyi kiwe droni. Kwa maana inayotumika duniani, ndege ni mashine yoyote inayobebwa angani kwa nguvu ya hewa, mbali na ile hewa inayosukumwa dhidi ya uso wa ardhi. Kwa maana hiyo hiki ni ndege, na Sheria ya Usafiri wa Anga ya 2013 inakihusu.

Upande mwingine yuko mteja wangu, anayedhani uhuru wa Marekani unasafiri na sanduku. Mkataba wa Chicago wa 1944, ambao Kenya ni mwanachama wake, unafungua kwa kusema kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake. Mkataba huo huo unazitaka nchi zitambue vyeti vya kufaa kuruka na leseni zilizotolewa na nchi ilikoandikishwa ndege, zikitimiza viwango vya chini. Ndege ndogo ya kawaida ikinunuliwa nje inakuja na historia: cheti, kumbukumbu za matengenezo, namba ya usajili wa zamani kabla ya kupewa 5Y, alama ya ndege za Kenya. Chombo cha Sehemu ya 103 kinakuja mikono mitupu. Huko kwao hakikupewa cheti, kwa hiyo hakuna cheti cha kutambua. Hakuna mkaguzi wa serikali aliyeweka saini popote. Yule anayekirusha ndiye anayetakiwa athibitishe, akiulizwa, kwamba chombo chake kinatimiza masharti. Kusema "kimeruhusiwa Marekani" maana yake ni kwamba Marekani haikukiangalia.

Na kama tunaikopa sheria yao, basi tuikope yote. Mteja wangu hakunisomea vifungu vinavyofuata. Chombo cha namna hii hakiruki juu ya sehemu za mji au makazi zenye msongamano, wala juu ya mkusanyiko wa watu nje. Hakiruki usiku. Kinapisha ndege nyingine zote. Hakiingii kwenye anga linalosimamiwa kuzunguka viwanja vya ndege bila idhini ya waongoza ndege. Tena ni cha burudani tu. Mteja wangu ameshapanga bei ya mgeni kwa dakika.

Wekeni vifungu hivyo juu ya ramani ya Mombasa muone kinachobaki. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti yenye nchi kavu ya kama kilomita za mraba 220. Hiyo ni zaidi ya watu elfu tano kwa kila kilomita moja ya mraba. Magharibi mwa kisiwa uko Uwanja wa Ndege wa Moi na barabara yake ya mita 3,350, ndege kubwa zikishuka na kupaa. Kusini kuna bandari ya Kilindini na kreni zake, kambi ya jeshi la majini Mtongwe, na feri ya Likoni iliyofurika watu tangu alfajiri. Kisiwani kwenyewe, kutoka Fort Jesus mpaka Makupa, sioni uwanja wa kuangusha hata mwavuli. Kaskazini ni sisi: Kongowea, Kisauni, Bamburi, nyumba zimeshikana bati kwa bati.

Inabaki bahari, na najua mteja wangu anaiwazia hiyo. Ndani ya mwamba kuna wavuvi wa mitumbwi na ngalawa, kuna waogeleaji, kuna hifadhi ya bahari iliyopo tangu 1986. Ufukwe wa Pirates siku ya Idi au Jumapili huoni mchanga kwa watu, na watoto wetu wakiona kitu kinachoshuka kutoka angani wanakikimbilia. Vyombo vingine kati ya hivi vina panga zilizo wazi kwenye kimo cha mtoto. Hilo peke yake linatosha kutaka eneo lenye uzio.

Nje ya mwamba kuna upepo, na hapa naomba mnisikilize kama mtu wa mashua. Jetson One inaruka kama dakika 20 kwa chaji moja. Chukua siku ya kusi, upepo wa kilomita 35 kwa saa, jambo la kawaida alasiri. Mtu anaondoka na upepo mgongoni kwa mwendo wote wa 102. Juu ya maji anakwenda 137. Baada ya dakika kumi anageuka, akiamini ametumia nusu ya chaji yake. Sasa upepo uko usoni, anakwenda 67. Dakika kumi zake za kwenda zimekuwa dakika ishirini za kurudi, na betri ina kumi. Nahodha yeyote wa dau angemwambia hilo kabla hajaondoka, kwani kujua njia ya kurudi ndilo somo la kwanza la tanga. Sheria isiyodai masomo yoyote inamwachia mtu wa dakika ishirini ajifunze hilo akiwa juu ya bahari kuu.

Tena kiti ni kimoja. Kwenye gari mwalimu anakaa pembeni. Kwenye ndege ya mafunzo mwalimu ana usukani wake. Kwenye hiki, siku ya kwanza ya mwanafunzi yuko peke yake, na mkono wa kumsaidia uko chini.

Nikiishia hapa mtadhani nataka mkipige marufuku. Sitaki. Nimekulia Port Reitz, nyumba ya babangu ilikuwa karibu na uzio wa uwanja wa ndege, na hakuna jioni ya utotoni mwangu iliyopita bila kusimama juu ya tofali nione ndege ikigusa chini. Nilitaka kuwa fundi wa ndege. Ada haikupatikana, nikaenda kwenye injini za mashua. Siku niliyoonyeshwa chombo hiki mikono iliniwasha. Nataka kukiunganisha. Nataka binti yangu na wenzake wa chuo wakifungue, wakielewe, kesho watengeneze chao, kama mafundi wetu wa majahazi walivyotazama vyombo vya wageni wakajenga vya kwao. Marufuku itawanyima hao. Matajiri wachache watavirusha alfajiri, mahali pasipo na askari, na habari tutaipata kwa maiti. Tuliona kwa bodaboda: pikipiki zilijaa barabarani kwanza, sheria ikaja ikizikimbiza nyuma, na mpaka leo haijazifikia.

Ninachoomba ni kwamba mseme. Semeni kwa maandishi kwamba chombo chenye mtu ndani, kinachobebwa na panga za umeme, ni ndege, kiandikishwe na kipewe alama, ili afisa wa forodha pale bandarini ajue anakipokea kama nini. Semeni kinapimwa uzito na betri yake ndani. Ule mwendo wa kuporomoka, kwa chombo kisicho na bawa, uondoeni, na mahali pake wekeni swali lenyewe: nguvu yote ikikatika, mtu huyu anashukaje? Mwenye chombo alete jibu kwa majaribio: gunia la mchanga lenye uzito wa mtu, chombo kiinuliwe, umeme ukatwe, parachuti ifyatuliwe, kimo kimoja baada ya kingine, mbele ya mkaguzi wenu. Kile kimo cha katikati kijulikane na kiandikwe kwenye kiti, machoni pa rubani. Anayekirusha awe amefaulu mtihani mfupi wa hewa, upepo na sheria, na awe amefanya saa zake kwenye mashine ya mafunzo kabla ya kukaa peke yake. Abiria wa kulipa, kwa sasa, asiwepo.

Na mtuonyeshe mahali. Nchi hii ina nafasi. Nyuma ya mashamba ya mkonge ya Kilifi, au bara ya Kwale, panaweza kupatikana kiwanja cha majaribio ambapo kikianguka kitaangukia nyasi. Hapo waongoza ndege wawe na taarifa, kaunti husika iwe imekubali, na gari la zimamoto linalojua moto wa lithiamu liwe karibu. Kwa upande wako, Mheshimiwa Gavana, nakuomba kitu kidogo zaidi: usiruhusu hoteli yoyote kuchora alama ya kutulia ufukweni kabla Mamlaka haijasema neno lake. Ufukwe ni wa wote.

Ombi la mwisho linanihusu mimi. Sina cheti cha ufundi wa ndege, na mteja wangu anaona hilo si kitu kwa kuwa mota ni mota. Injini ya mashua niliyoifunga vibaya ikizima, mvuvi anashika kasia, anarudi pwani na kunitukana. Juu ya minazi hakuna kasia. Wekeni njia ya mafundi kama sisi kusoma na kupewa cheti cha vyombo hivi vya umeme, hata kama ni miezi sita ya darasa la jioni hapa hapa Mombasa. Nitakuwa wa kwanza kujiandikisha, na ninawajua kumi watakaokuja nyuma yangu.

Mteja wangu hunipigia simu kila Ijumaa baada ya sala kuniuliza kama nimekubali. Meli yenye vipande vyake bado haijapakiwa, na arbuni yake inarudishwa akiwahi kuiomba. Ijumaa hii nitamwambia nimewaandikia, na kwamba mpaka nipate jibu lenu sitafungua sanduku lolote.

Wenu mtiifu,

Fundi wa injini za mashua,
Kisauni, Mombasa